Nilivyomshika Baba Mkwe Mkono Huko Peru

Itumba, Ileje
21 Julai 2024

Mpendwa wifi yangu Fides,

Habari za Ndola? Kifua cha Witness kimetulia? Huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu inatuchapa kweli. Kaka yako Clement hajambo, anavuna kahawa na kulalamika kama kawaida yake.

Asante sana kwa lile sweta. Bila hilo ningeganda huko nilikotoka.

Najua picha umeiona kwenye kundi la ukoo. Kabla watu hawajakusimulia yao, wifi, nisikilize mimi.

Ushirika wetu wa kahawa ulipoalikwa na wakulima wa Peru, wanachama walimchagua baba kwa kuwa ni mwenyekiti, na mimi kwa kuwa ni katibu. Hakuna aliyewaza kwamba wanawapeleka mtu na mkwewe! Unajua mila yetu: simtazami baba yenu usoni wala simgusi. Vikaoni nakaa mlangoni nimegeuza uso, karatasi zinamfikia kwa mkono wa mtu mwingine. Huko Peru mtu mwingine alikuwa mmoja tu, mwalimu Ambwene wa Nanyala, aliyekuwa akitutafsiria.

Tulipomaliza mashamba, wenyeji wetu walituzawadia siku nne za kutembezwa. Mwongozaji alikuwa dada mchangamfu, Yesenia. Kuona jina la ukoo ni moja, akatupanga kiti kimoja kwenye basi. Saa tatu nzima nilimpa baba mgongo, kitenge kichwani, shingo karibu ivunjike. Yesenia akadhani tumegombana, akawa ananiletea pipi.

Lakini nchi ni nzuri, nisiseme uongo. Mjini Kusko kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na wembe haupiti katikati. Sokoni kuna viazi vya zambarau, vyekundu na vyeusi, na akina mama wanabeba watoto mgongoni kama sisi. Chakula cha mgeni wa heshima ni simbilisi wa kuchoma. Ambwene alikula wawili, mimi nikabaki na viazi vyangu.

Siku ya tatu tulipelekwa kwenye magofu ya mlimani. Yesenia alituonya twende polepole na tunywe chai ya majani yao, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi. Baba akacheka. Mtu wa Ileje afundishwe kupanda mlima? Chai akaikataa, ngazi akazipanda kama anawahi mnada wa ng'ombe. Hakujua kwamba milima yetu mtu angeipanga miwili, mmoja juu ya mwingine, ndipo aufikie ule mmoja.

Yesenia na Ambwene walikuwa mbele, wamepinda kona. Mimi nilikuwa nyuma, mbali kidogo, kama inavyonipasa. Nikamwona baba anayumba, akapiga magoti ukingoni, na chini yake ni bonde. Akanyoosha mkono.

Wifi, nakiri kwako: nilisimama. Nilitazama kama kuna mtu mwingine wa kumshika, na hapakuwa na mtu. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Atupele, mwanangu, nishike."

Nikamshika. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikamvuta kutoka ukingoni, nikamlaza mapajani pangu, nikapiga kelele mpaka Yesenia akarudi mbio na chupa ya oksijeni. Tulimteremsha, akalala siku mbili hana nguvu hata ya kushika kijiko. Nilimlisha supu mimi. Ndiyo picha ile, Ambwene aliituma kwa nia njema.

Mama yenu hakupokea simu yangu tena. Shangazi wakaitisha kikao cha kudai faini ya mila. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama nitalala kwenye nyumba yangu au nitarudishwa kwetu.

Tulipofika wote walikuwa uani. Nikapiga magoti getini, uso chini. Baba akashuka kwenye gari, akasimama mbele yangu, akawaambia: "Nilikuwa nakufa. Huyu alinitazama, nikapona. Sasa mnataka aache kunitazama? Mwenye kudai faini aje aidai kwangu."

Kisha mama akaja akaniinua, analia, akaniita tukale.

Namshukuru Mungu, namshukuru Yesenia, na nakushukuru wewe uliyeniombea bila kujua unaniombea nini.

Msalimie shemeji, na umbusu Witness. Clement, mama na shangazi Tukuswiga wanakusalimu. Baba naye anakusalimu. Jana amekutaja nikiwa nimekaa mbele yake, nikamtazama vizuri. Wifi, yale macho ni yako kabisa. Miaka kumi na tisa niko kwenye boma hili, na sikuwa najua.

Mungu ailinde nyumba yako.

Wifi yako akupendaye sana,
Atupele