Barua ya Kijawa Niliyomsomea Slamet

Mankhool, Dubai, Jumapili. Mwaka wa hamsini tangu niondoke Unguja.

Mjukuu wangu Salma,

Sisi wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu. Unauliza kama herufi za Kiarabu zimeandika lugha nyingine kama zilivyoandika Kiswahili chetu. Ndiyo, Kijawa.

Ujanani nililazwa hospitali hapa Dubai, jirani na Slamet, baharia Mjava aliyefungwa macho. Barua ya mama yake ilikuwa chini ya mto, haijasomwa. Wajava wana herufi zao za kale, ambazo nisingeziweza. Mama huyu aliandika kwa za Kiarabu, akiongeza nukta kwa sauti zao, kama bibi yangu alivyonifundisha kuandika Kiswahili. Nikasoma kwa sauti, sielewi hata neno.

"Mama amekuwa Mswahili!" Slamet akacheka. "Yalla, endelea."

Nilipofika *kapan mulih*, kicheko kikakatika.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Akageukia ukutani.

"Maana yake nini?"

"Utarudi lini."

Nikamwambia anitamkie jibu, nimwandikie mama. Akasema, "Bado." Kila nilipomuuliza, bado.

Nawe umemaliza barua yako kwa swali hilohilo. Sitaki usubiri kama mama yule. Sirudi, mjukuu wangu.

Babu yako