Mashine ya Nyasi ya Mama Guyo

Jumanne. Jua imewaka tangu asubuhi, vumbi imeingia mpaka kwa sukari. Leo sina raha, na mnanijua, mimi raha hainikosi.

Ni huu mdomo wangu.

Jirani yangu Mama Guyo ako na mashine ya kukatia mifugo nyasi. Mtaa mzima walikuwa wanakatiwa hapo, wanalipa. Siku moja nyasi ikakwama, akasukuma na mkono bila kuzima injini. Ikachukua vidole nne za mkono wa kulia.

Hospitali ikakula mbuzi tatu. Mimi nilidhani hasara imeisha hapo. Wapi! Sasa hakati nyasi, hakamui. Ameandika msichana wa kukamua, na mbuzi hazimjui, zinaficha maziwa. Ya kuuza hakuna.

Leo saa nne mzee mmoja wa Kinna akaketi kwa kibanda changu cha chai. Akauliza, "Mama, mashine ya nyasi iko wapi hapa?"

Nikadhani anataka kukatiwa. Nikampatia yote, na chumvi juu. "Hiyo? Hiyo imeonja damu, mzee. Itaitisha tena."

"Wacha, mama!"

"Haki ya Mungu!" Nikamwonyesha vile vidole ziliruka. Nilifurahia, siwezi danganya.

Akamaliza chai, akalipa, akarudi steji.

Saa nane Mama Guyo akakuja, mkono ameficha kwa leso. "Mama Kendi, wewe hakuna mtu hukupita. Hujaona mzee wa Kinna? Alikuwa anakuja kununua mashine. Simu hashiki."

Akaniambia hiyo pesa ndiyo ingeokoa mbuzi mbili za maziwa zimebaki. Ikikosa, kesho anazipeleka soko.

Mimi, ambaye sijawahi kosa maneno, nikasema, "Sijaona mtu."

Nikamwekea chai ya bure. Akashika kikombe na kushoto, na kwao kushoto si mkono wa kula. Akasema bismillahi polepole, kama anaomba msamaha. Nikaangalia sufuria.

Kesho asubuhi, kabla hajafungulia hizo mbuzi, niende kwa mlango wake niseme ni mimi nilimfukuza yule mzee. Habari za watu huwa sishindwi kusema.

Hii yangu nitaianza aje?