Wajomba Wawili Mbele ya Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Duka la Cherehani,
Nyuma ya Soko Kuu.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje na kazi ya kumnyanyua yule bibi unayemuuguza? Na yeye mwenyewe hali yake ikoje, anakula siku hizi? Sisi huku tu wazima, ila Mama masikio yanazidi kuziba, na mimi miguu inavimba kwa kukanyaga cherehani kutwa. Wifi yako hajambo. Mapacha hawajambo, wanakula kama watu walioajiriwa kula.

Najua umeshangaa kuona barua. Miaka minne tunapigiana simu, leo ndiyo nimekumbuka karatasi! Sababu ni moja. Kwenye simu nimekuwa nikikudanganya, na najijua, nikiisikia sauti yako nitakudanganya tena. Kwa hiyo nimekuja dukani asubuhi, sijawafungulia wateja mlango, nimesogeza vitambaa pembeni ya meza nakuandikia. Kaa chini usome taratibu.

Kila Jumapili unaniuliza, "Mwanangu vipi?" Nami nakujibu, "Hana neno, anasoma." Mdogo wangu, ana neno. Mwanao Sindano amesimamishwa shule mara tatu tangu mwaka jana, kila mara wiki nzima, kwa sababu ya kupigana. Safari hii ya nne kamati ya shule inataka kumfukuza moja kwa moja. Yuko darasa la mwisho, mtihani umebaki miezi mitano. Akifukuzwa sasa hakuna shule itakayompokea, na mtihani ndiyo basi tena.

Nisikilize hadi mwisho kabla hujanilaani. Hayo ya kusimamishwa sikuyajua. Wiki zote tatu alitoka nyumbani na sare yake, begi mgongoni, akarudi saa ileile ya kila siku. Lakini usije ukanionea huruma ukasema masikini kaka yangu alifichwa. Mara ngapi aliniambia, "Mjomba, mwalimu anakuita"? Na mimi, macho kwenye sindano ya cherehani, nikamjibu, "Mwambie nina kazi." Nilijitia hamnazo, ndiyo neno lake.

Sasa nikueleze nilivyojua. Unafahamu kwamba sare za shule ile nashona mimi. Nusu ya watoto wale nawajua vipimo vya mabega, lakini ndani ya geti lao sikuwahi kukanyaga. Wao hufuata mzigo wao dukani. Jumanne moja mwezi uliopita gari lao likaharibika, nikajitwisha fulana thelathini za michezo, nikaenda. Nikaelekezwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Kwenye benchi nje ya mlango namkuta nani? Sindano, kichwa chini. Na kando yake Mzee Gundi, yule fundi viatu wa kona ya mtaa uliyekuwa ukimpelekea viatu vyako vya kazini. Amevaa koti! Koti, mtu ambaye hata harusini huja na aproni.

Nikamtania, "Gundi, viatu vya walimu navyo siku hizi unavifuata ofisini?" Hakucheka. Sindano aliponiona alitaka kuingia chini ya benchi. Kabla sijauliza kulikoni, mlango ukafunguliwa, mwalimu mkuu akatoa kichwa, akasema, "Mjomba wa mtoto, karibu ndani."

Tukasimama wote wawili.

Haki ya Mungu, nimewahi kuaibika maishani, lakini si kama siku ile. Mwalimu mkuu alinitazama mimi na furushi langu kichwani, akamtazama Gundi na koti lake, kisha akaniambia kwa upole, "Fundi, wewe subiri kidogo, naongea na mzazi kwanza."

Aliyesema ukweli ni Gundi. Alivua kofia, akasema yeye si mjomba, mjomba ndiye huyu mwenye mzigo, na kwamba alikuja kwa sababu mtoto alimwomba na yeye hakuwa na moyo wa kumkatalia. Akasema kama kuna wa kufukuzwa, basi afukuzwe yeye. Jamani, mtu hata si mwanafunzi.

Nilitegemea mwalimu mkuu afoke. Ni mama wa makamo, mgeni pale, ana mwaka mmoja tu, na sauti yake ni ya chini mpaka unalazimika kunyamaza ili umsikie. Alituingiza sote, akafungua jalada la Sindano na kunigeuzia. Barua tatu za kumwita mzazi. Chini ya kila moja kuna mwandiko wa Gundi, herufi kubwa kubwa: MJOMBA. Na kila alichoahidi kimeandikwa hapo. Mtoto atapita kibandani kwake kila akitoka shule. Atamwonyesha madaftari. Siku za kusimamishwa atakaa naye na kufanya kazi za darasani. Yote ameyatimiza! Mwalimu mkuu akaniambia kwamba katika wazazi wote wa darasa lile, mjomba wa Sindano ndiye asiyekosa hata mara moja akiitwa.

Uso ulinishuka. Nikatafuta pa kuyaweka macho, yakaangukia kwenye mkono wa sare ya mtoto.

Mwanga wa dirisha ulikuwa unampiga begani. Nikaona mshono mahali ambapo mimi sikushona. Nikasogea. Palichanika, pakashonwa kwa mkono. Chini kidogo pengine tena, na kwenye kola tena. Uzi ni wangu, wa hapa dukani. Mishono midogo, imenyooka, vilevile nilivyomfundisha. Kila alipochaniwa nguo kwenye ugomvi alikuwa anaishona mwenyewe ili asinisumbue. Mimi fundi wa miaka ishirini na sita, naishi nyumba moja na sare ile, sikuona kitu. Nililia palepale mbele ya watu, fulana za michezo zikiwa mapajani.

Utauliza ugomvi wa safari hii ulikuwa wa nini. Shule ile ina utaratibu wake. Siku ya wazazi, kila mtoto wa darasa la mwisho anapewa viti viwili vya wageni wake, anaandika vikaratasi na kuvibandika kwenye viti hivyo. Huyu kaandika Baba, yule kaandika Bibi. Sindano kimoja aliandika Mama, kingine Mjomba. Alijua wewe uko mbali na huwezi kufika, ila aliandika. Mimi niko mtaa wa pili. Aliniambia siku tatu mfululizo, nikamwambia kwani huoni kazi nilizonazo? Na kazi zenyewe zilikuwa nini? Sare za watoto watakaoimba siku hiyohiyo ya wazazi! Viti vyake vikakaa vitupu tangu asubuhi. Ilipofika mchana msichana mmoja akaweka begi juu ya kile cha Mama, akasema si hakina mtu. Sindano alilirusha begi dirishani, na mwenye begi nusura alifuate.

Simtetei. Yule msichana alitoka damu puani. Tumekwenda kwao, mimi na Sindano, tukaomba radhi mlangoni, na mama yake alituacha tumesimama muda mrefu kabla hajatuambia tukae. Ilikuwa haki yake. Lakini siwezi tena kusema mtoto ni mtundu tu, maana kiti cha pili kilikuwa changu.

Mwalimu mkuu akatuambia jambo ambalo halijanitoka. Kabla yake shule ilishafukuza wanne wa darasa lile, na wote amewakuta sokoni wanabeba mizigo ya watu. Akasema kwake hafukuzwi wa tano kabla hajaongea na mzazi wake wa kweli. Kamati haikubaliani naye sana, hasa mwalimu wa nidhamu, ambaye anasema tunambembeleza mtoto mgomvi. Wamempa Sindano muda mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Siku hiyo watakaa na kuamua.

Kwa hiyo tangu siku ile, kila Jumatano saa nne nafunga duka naenda. Nakaa na mwalimu wa darasa nusu saa, kisha naingia darasani nakaa nyuma kabisa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Wateja wananuna. Wanune. Wiki iliyopita Sindano alisimama kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mdogo wangu, anasoma kama wewe, anameza mate kwanza halafu haachi mpaka nukta. Sikuwa najua.

Kuna na daftari. Mwalimu anaandika jinsi mtoto alivyoshinda, mimi naandika jinsi alivyolala na kuamka, linakwenda na kurudi kila siku. Siku ya kwanza niliandika "Nimeona" na kutia sahihi, nikajiona nimemaliza kazi. Likarudi na wino mwekundu: "Umeona nini?" Loo! Nikakaa na kalamu kama mtoto aliyeadhibiwa. Wifi yako alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwisho nikaandika kwamba jana alimwosha bibi yake miguu bila kuambiwa. Sasa naandika kila siku, na ili niandike inanibidi nimtazame. Hata ile hasira yake naiona inavyokuja, anaanza kwa kukunja kidole gumba.

Wiki hizi nne hajapigana. Juzi mtu alimsukuma kwenye foleni ya maji, akaja mwenyewe ofisini kusema. Mwalimu wa nidhamu aliliandika hilo, kwa shingo upande, lakini aliliandika.

Kuhusu Gundi, nilimfuata kibandani nikiwa nimejaa maneno. Nimjie juu, nimuulize nani kampa ruhusa ya kuwa mjomba. Alikuwa anagonga kisigino. Akanisikiliza, kisha akasema, "Fundi, mara ya kwanza aliniletea kiatu nikishone. Nikakigeuza, nikakigeuza, hakina tundu popote. Ndipo nikamvutia kigoda." Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka alipomaliza kile kisigino.

Sasa naja kwako. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya makubaliano kati ya nyumbani na shule. Ilikuwa na mistari miwili ya sahihi. Mwalimu mkuu aliongeza wa tatu kwa kalamu kwa ajili ya Gundi, na Gundi safari hii ameandika jina lake halisi. Wangu nimeshatia. Uliobaki ni wako. Kamati inataka ione mkono wa mama wa mtoto kabla ya Ijumaa ile.

Pamoja na hiyo, mwandikie Sindano ukurasa mmoja. Nakuomba sana, usimgombeze, kugombezwa ameshagombezwa vya kutosha. Usimwahidi viatu wala nguo, nguo nashona mimi. Mwambie tu unachofanya tangu unapoamka mpaka jioni, maana hajui, na asichokijua wenzake wanamjazia. Na kila Jumatano saa nne, ukiweza kumwacha yule bibi dakika kumi, nipigie simu nikiwa pale shuleni nikupe uongee na mwalimu. Dereva wa basi atakayekukabidhi barua hii anarudi huku Jumatatu. Mpe majibu mkononi.

Mimi nisamehe. Uliniachia mtoto, nikamlisha, nikamvisha, nikadhani nimemlea. Kama ulikuwa unapata usingizi huko kwa sababu ya maneno yangu ya Jumapili, basi huo usingizi nimekuibia. Nasema hivi nikiwa mkubwa wako, na sioni haya kusema.

Mama anakusalimu, anasema anakusikia vizuri kuliko sisi tulio karibu. Wifi yako anakusalimu, na mapacha wanamsalimu shangazi yao kwa kelele. Mzee Gundi naye kaniambia nisimsahau, tena anauliza kama visigino vya vile viatu vyako bado vimeshika. Mungu akulinde katika nyumba ya watu, akupe nguvu za mikono na mgongo, na atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ingawa nimechelewa kulionyesha,

Fundi.

Nilikuwa nimeshatia sahihi, Sindano akapita hapa dukani akielekea shule. Akauliza kama bahasha bado iko wazi. Ametoa kikaratasi kwenye daftari lake na kunipa nikutilie humo. Ni kile cha kwenye kiti, kimeandikwa Mama kwa wino wa bluu. Alikibandua siku ileile ya ugomvi, kabla hawajampeleka ofisini, amekitunza tangu hapo. Amesema shule wakimbakisha, mwisho wa mwaka viti vitapangwa tena, kwa hiyo ukija uje nacho. Nimekigusa nyuma. Bado kinanata.