Kurasa Kumi na Nne Zisizo na Doa

Maua,
Jumatatu, wiki ya pili ya Novemba.

Dada yangu mpendwa Wambeti,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani Kiambere, wewe na Mama na kila anayeingia katika ua wetu. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine utayasoma. Bega lako linaendeleaje? Nimesikia kwamba sasa mkono unafika usawa wa sikio, na kwamba umerudi kwenye cherehani ingawa kitambaa unakisukuma kwa mkono wa kushoto. Na goti la Mama, je, limetulia? Ndengu zimeota, au mvua imetudanganya tena? Huku Maua imenyesha wiki nzima, na magari ya miraa yanapita mbele ya shule yetu yakirusha matope hadi dirishani kwa walimu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza kwa huruma, kama ulivyozoea, nami ningekubali kukatizwa. Ndiyo maana nimeandika, na nimempa Hamda bahasha hii mkononi, pamoja na kile kitabu cha jalada la buluu. Lori lake litakuwa Kiambere siku ya Ijumaa.

Naomba uniruhusu nianzie mbali kidogo. Unakumbuka siku Hamda alipokiletea kikundi chetu zile kayaki tatu, vijimashua vya mtu mmoja mmoja, kutoka Mombasa, zimefungwa juu ya magunia ya mchele? Muturi alizizunguka mara mbili, akasema hajawahi kuona majeneza yenye rangi za kupendeza hivyo. Tulicheka, lakini hakuna aliyethubutu kuingia ndani ya mojawapo. Hapo ndipo niliposimama juu ya kreti la soda na kuhutubia. Nilisema kwamba mtu wa bara hana babu wa kumfundisha bahari, kwa hiyo vitabu ndivyo vitakavyokuwa babu zetu. Nilisema tutajifunza kwanza bwawani, na siku moja tutaingia baharini, lakini hakuna atakayegusa kafi kabla ya kugusa kitabu. Mlinipigia makofi. Wewe ukatoa ukuta mzima wa duka lako la ushonaji ili tuweke rafu.

Na rafu ile tuliijenga vizuri, lazima niseme, hata leo ninapoandika kwa aibu. Tuliipanga kwa kufuata hofu zetu. Chini kabisa, karibu na mkono, vitabu vya kupinduka na kujiinua. Juu yake vya upepo na baridi, kisha vya ramani, kisha vya bahari yenyewe. Hadithi za mashujaa waliovuka bahari kuu tuliziweka juu kabisa, mahali panapohitaji kigoda, ili mwanagenzi azifikie akiwa amechelewa. Nyuma ya kila kitabu tukabandika kadi, na sheria ikawa moja, nayo niliitunga mimi: ukimaliza, unaandika “nimesoma yote” na kutia sahihi.

Wengine walisoma walichohitaji. Wewe peke yako ulisoma kila kitabu, kutoka jalada hadi jalada, kamusi ikiwa imefunguliwa kando ya cherehani. Wewe uliyeacha shule kidato cha pili ili mimi niendelee. Mama aliniambia kwamba hata Padri alishangaa siku uliposimama kanisani kusoma somo la kwanza bila kuyumba, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwako.

Kitabu cha buluu kilipofika hukuwepo. Ulikuwa ukikamilisha magauni ya arusi. Kilikuwa kikuukuu, gundi yake imekauka, ukurasa wa yaliyomo ulishapotea zamani. Muturi alikifungua katikati, akaangukia sura ya kupwa na kujaa kwa maji, akaona jedwali lililojaa tarakimu. Akaniuliza mbele ya watu: ikiwa jedwali linasema maji yatajaa saa saba mchana, sisi tuwe tumerudi nchi kavu saa ngapi? Nilitazama zile tarakimu. Zilikuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Nikageuza ukurasa, nikaurudisha, na Muturi akasema, “Mwalimu, hata wewe? Basi sisi tumekwisha!” Wakacheka wote, na kuanzia siku hiyo akawa ananiita Kapteni wa Nchi Kavu. Nikajibu kwamba sura hiyo ni ya manahodha wa meli kubwa. Nikakichukua kitabu nikakisome kwanza mwenyewe. Wiki mbili baadaye nikakurudishia kikiwa na sahihi yangu kwenye kadi, nawe ukatia yako mwezi uliofuata.

Yaliyotokea Kilifi mwezi wa Agosti unayajua kuliko mimi, kwa kuwa sikuwepo. Nilikuwa nimebaki kusahihisha mitihani. Najua ulivyonisimulia hospitalini. Muturi alikuambia kwamba wewe ndiwe uliyesoma, basi wewe ndiwe wa kusema saa ya kuingia. Ukayatazama maji ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, yamejaa, yametulia kama bwawa letu asubuhi, ukasema tuleni kwanza. Mlipoingia, maji nayo yalikuwa yameanza kutoka. Muturi alishika mizizi ya mikoko. Wewe ulikuwa mbele. Mkondo ukakupeleka hadi mlangoni mwa bahari, ukapinduka, ukashikilia kamba ya kayaki mpaka bega likateguka na mfupa ukapasuka. Wale wanaume wawili wa mitego ya kaa waliokuvuta walikuuliza ni nani aliyekuambia uingie wakati maji yanatoka, tena siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, jambo ambalo kwao mtoto wa darasa la pili analijua.

Ulipotoka hospitalini ulikiomba kitabu cha buluu. Nilikuambia upumzike kwanza, nitakuletea Jumamosi. Nilikuletea. Ukakaa nacho siku nne.

Kisha ukaja mkutano wa Oktoba. Ulisimama mbele ya wote, mkono ukiwa umefungwa shingoni, ukasema kwamba sura ya maji kupwa ipo kitabuni, kurasa kumi na nne nzima, na sahihi yako ipo kwenye kadi, na bado hukumbuki hata neno moja. Ukasema labda mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa mkweli aliposema kichwa chako ni gunia lililotoboka. Ukasema Muturi angeweza kufa kwa sababu yako. Ukaomba msamaha.

Nami nikasimama baada yako. Mola anisamehe, nilihutubia. Nilisema kusoma ni kilimo, na si kila mbegu huota. Nilisema tusimhukumu aliyesahau, kwa maana sote tu wasahaulifu. Mama alilia. Watu walipiga makofi, na Hamda aliniinamia akaninong'oneza kwamba una bahati kupata kaka kama mimi. Nikapokea maneno hayo kama mtu anayepokea chai.

Tangu siku hiyo, naambiwa, umemrudishia Hamda ufunguo wa rafu. Umekataa kuwafundisha wale wasichana wa shule wanaotaka kuanza bwawani Januari, na Jumamosi hii kikundi kitamchagua mwingine wa kuitunza rafu na kufundisha. Mama ameniambia kwa simu jambo lililonivunja zaidi ya hayo yote: kwamba Padri amekuomba mara mbili usome somo Jumapili, nawe umekataa, ukisema usije ukaruka mstari.

Wambeti, hukuruka mstari wowote.

Fungua kitabu nilichokutumia. Pitisha kidole chako pembeni mwa kila ukurasa, chini kulia, mahali unapogeuzia. Utaona alama ya kidole gumba chako, mafuta ya cherehani, ukurasa baada ya ukurasa, hadi themanini na sita. Sasa tazama themanini na saba hadi mia moja. Ni safi. Hazina doa hata moja, kwani ulipozisoma baada ya hospitali mkono wako haukuwa umegusa cherehani. Kuanzia mia moja na moja kidole chako kinarudi. Hukuzisoma kurasa hizo kwa sababu hazikuwemo. Nilizing'oa mimi, karatasi saba, wiki ile ile Muturi aliponicheka, nikazifungia katika droo yangu huku Maua, kwa sababu sikuzielewa na niliogopa kuulizwa tena. Nilijiambia kwamba bwawa halina kupwa wala kujaa. Namba za kurasa ziliruka mbele ya macho yako, nawe hukuzitilia shaka. Kwa nini ungeshuku kitabu kilichotoka mkononi mwa kaka yako?

Na ulipokuwa ukisubiri Jumamosi ile, nilizibandika tena kurasa hizo kwa gundi ya shule. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Niliyaona mafuta ya kidole chako kwenye kurasa za jirani, nikajua kwamba ushahidi uko pale, nikafunga kitabu.

Hapo awali ningeweza kusema nilikosea. Siku ile ya gundi sikukosea. Nilichagua bega lako liwe kosa lako.

Sikuombi unisamehe katika barua, kwani hilo lingekuwa kukutwisha kazi nyingine. Ninachoomba ni kwamba Hamda aisome barua hii yote mbele ya kikundi Jumamosi, kabla ya uchaguzi, na kitabu kipitishwe mkono kwa mkono ili kila mtu azione zile kurasa. Kwake nimeandika kijibarua cha kumweleza hivyo, lakini neno la mwisho ni lako; ukikataa, nitaheshimu. Mimi nitakuwepo. Nitasimama karibu na mlango, na mara hii sitahutubia. Muturi akitaka kusema lolote, na aseme.

Nimeifuta sahihi yangu kwenye kadi. Utaona nilivyoikata mstari. Sikuwahi kuisoma sura hiyo hadi juma lililopita. Nimeisoma mara tatu, na sehemu ya jedwali ningali siielewi. Siku utakapokuwa tayari, uniulize maswali, nami nikiyajibu utatia sahihi wewe kwa niaba yangu. Yako iache ilivyo. Uliandika “nimesoma yote,” na ulikuwa umesoma yote uliyopewa.

Nisalimie Mama, na umsomee barua hii mwenyewe, kwa ile sauti ya kanisani. Nisalimie na Muturi. Mwambie jawabu la swali lake liko ukurasa wa tisini na mbili, na kwamba Kapteni wa Nchi Kavu amelitafuta kwa kuchelewa sana.

Ni mimi, kaka yako,
Munyi.