Salamu Katika Udongo

Leipzig, 9 Februari 2023

Mdogo wangu Esteria,

Huu ni mwaka wa arobaini tangu niondoke Lushoto. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kifua na baridi hii.

Tangu nistaafu najifunza Kiakadi, lugha ya Iraki ya kale ambayo hakuna tena anayeisema. Waliiandika kwa kugandamiza kijiti cha tete kwenye udongo mbichi. Nimekuandikia salamu hivyo hivyo, nikauchoma udongo. Kibao kimo kwenye kifurushi hiki. Kiweke dirishani.

Agosti naja kukaa moja kwa moja. Mwambie Danieli, mtoto wa baba mdogo, asilime upande wangu wa shamba, nitajenga hapo.

Kaka yako,
Tobia

Lushoto, 14 Mei

Kaka, shikamoo.

Hatujambo, ila mvua ya masika haikunyesha. Kabichi zimekauka. Kibao kilifika. Jirani yetu mzee Zuberi alikiona, akauliza kimeandikwa nini. Nikasema salamu. Akauliza nimejuaje, nikasema umeniambia wewe.

Sasa watu hawakatizi uani kwangu. Danieli anasema hakuna mtu anayesomea lugha ya wafu kwa ajili ya salamu. Unajua huku mvua hufungwa kwa uchawi. Niandikie maana neno kwa neno, usifiche. Ukoo unakaa mwezi ujao.

Mdogo wako,
Esteria

Leipzig, 2 Juni

Mdogo wangu, marahaba. Poleni na ukame.

Neno kwa neno: “Mwambie Esteria, Tobia asema hivi: Shamash akujalie uzima siku zote. Mimi mzima. Nawe uwe mzima.”

Shamash ni jua, waliloliabudu. Barua zao nyingi zilianza hivyo, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani. Ningeweza kuuruka mstari huo, lakini umesema nisifiche.

Kaka yako,
Tobia

Lushoto, 30 Juni

Kaka, shikamoo. Kifua kimepoa?

Niliwasomea ukoo barua yako. Nilipofika kwenye jua, Danieli akasimama. “Kumbe kaliita mwenyewe.” Nikasema ni salamu tu. “Basi limeitika,” akajibu, na watu wakacheka, lakini si kwa furaha.

Kibao wamekiponda, wamekitupa mtoni. Wanataka kwanza ule kiapo kwamba hukuifunga mvua, ndipo ujenge.

Nami nakuuliza, iwe kati yetu wawili: kwa nini hukuandika Mungu wetu?

Mdogo wako,
Esteria

Leipzig, 19 Julai

Mdogo wangu, marahaba. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu, huyo huyo wetu.

Mbele ya Danieli ningekula kiapo, yakaisha. Lakini nyumba yangu ingekuwa ubavuni pa yako. Ungenisikia nikisoma Kiakadi kwa sauti, ukatoka nje kuangalia mawingu.

Upande wangu alime Danieli. Sitarudi.

Kaka yako,
Tobia