Mistari ya Wino Kifuani kwa Minza

Jumamosi, Somanda. Mawingu tangu alfajiri, mvua bado.

Kosa tunalofanya wengi tukimpokea mgonjwa ni kumpelekea maji ya kuoga kabla hatujamuuliza lolote. Jana nililifanya mimi, mtu mzima niliyesoma.

Dada yangu Minza alishuka basi akitokea Mwanza, vumbi mpaka kwenye kope. Miezi michache iliyopita alikatwa titi kwa sababu ya saratani, na Jumatatu alitakiwa aanze tiba ya mionzi. Hospitali walikwishampima na kumwandaa, wakamruhusu kupumzika siku mbili. Akaja kwangu, kwa kuwa nyumbani kwake Ngulyati wajukuu hawamwachi alale.

Mke wangu alipomsaidia kuoga aliona kifuani kuna mistari ya wino. Akaniuliza kwa sauti kutoka bafuni afanyeje. Nikamjibu nikiwa sebuleni kwamba wino juu ya kovu huleta maambukizi, kwa hiyo ausugue taratibu kwa sabuni. Nikaendelea kuwaeleza habari za vijidudu mpaka walipomaliza.

Nimefundisha jiometri miaka thelathini. Nani alipaswa kujua kuwa mstari ulionyooka hauchorwi bure?

Leo asubuhi binti yetu Kabula alipiga simu ya video. Yeye ni daktari, na kwa wiki sita yuko ng'ambo kama mwangalizi katika kituo cha tiba ya mionzi ya kisasa. Mwangalizi haruhusiwi kugusa mgonjwa wala kubonyeza kitufe. Anasimama nyuma ya kioo, anatazama, anaandika. Wiki ya kwanza aliona aibu, daktari mzima kusimamishwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Sasa anasema kutazama kumemfundisha mengi. Mashine za huko ni za ajabu, zinasubiri hata pumzi ya mgonjwa itulie. Lakini kila asubuhi kazi inaanza na watu wawili wanaolinganisha mwanga na alama ndogo juu ya ngozi. Zikipishana kidogo tu, wanaanza upya, maana ndizo zinazoelekeza mionzi kwenye ugonjwa na kuuepusha moyo.

Basi akamwomba shangazi yake amwonyeshe mistari, aone wenzake wa Mwanza wamechoraje.

Minza akatazama sakafu. "Imeoga pamoja nami, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nikaanza kueleza. Nilipitia vijidudu, nikafika kwenye kovu, ndipo Kabula akanikatiza kwa adabu. "Baba, naomba leo na wewe uwe mwangalizi. Mikono nyuma, tumsikilize shangazi."

Nikaweka mikono nyuma kweli.

Minza akasema taratibu kwamba aliambiwa asiiguse kwa sabuni. Lakini nani anakataa maji nyumbani kwa kaka yake, tena kaka mwenyewe ameshaanza somo? Kisha akasema lililonishtua: harudi tena hospitali. Kulala kifua wazi mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, mkono umeinuliwa juu ya kichwa na bado unauma tangu upasuaji, hilo aliliweza mara moja. Mara ya pili hawezi.

Sisi tulidhani anaogopa mionzi.

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kabula hakumkemea. Alimwambia ana haki ya kuomba achorwe na mwanamke, na aseme mapema kuwa mkono unauma ili wautafutie namna ya kuulaza. Kisha wakafanya pamoja zoezi la kulegeza mkono, Kabula kwenye ukuta wa huko, Minza kwenye ukuta wa sebule yangu, vidole vikitambaa kwenda juu kidogo kidogo. Mke wangu naye akajiunga. Mimi nilitazama. Vidole vya Minza vilipofika usawa wa sikio, akatulia, akapumua.

"Nitarudi," akasema. "Ila niende na wifi. Kaka abaki na kuku, atawaelimisha."

Walicheka wote watatu, na mmoja yuko ng'ambo. Nilifurahi kuchekwa.

Baadaye nilipiga simu hospitali nikakiri kwamba kosa ni langu. Muuguzi alinisikiliza, akasema Jumatatu aje hivyo hivyo. Watampima upya, na huenda akachelewa kuanza kwa siku chache. Akanionya nisithubutu kuirudishia mistari mwenyewe. Namshukuru, maana rula nilikuwa nimeshaitafuta.

Nimekuwa kaka wa Minza miaka sitini na kitu, na sidhani kama kabla ya leo niliwahi kumwacha amalize alilotaka kusema. Ana sauti nzuri, ya polepole, kama ya marehemu mama yetu.

Kama nyumbani kwako yupo anayetibiwa kwa mionzi, leo, kabla hujabandika maji jikoni, muulize ameambiwa nini huko hospitali, kisha nyamaza mpaka amalize.