Wavu Ulionusurika Moto

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Kombewa tu wazima. Nyanya yako amerudi kwaya. Umeuliza faida ya kuvuta wavu mdogo wa mkono kunasa vijidudu vya majini.

Miaka ya themanini niliuvuta ufukweni Kisumu. Wavuvi walipoona matundu yake madogo walidhani naiba vifaranga vya samaki. Nyavu kama hizo walikuwa wakizichoma, na moto ulikuwa tayari. Nami sikuwa na wavu mwingine.

"Mwalimu mzima, unamaliza watoto wa ngege!" mzee wao alinifokea.

Nikampa kioo cha kukuzia atazame vijidudu katika tone la maji ya wavuni. Alitazama sana.

"Kumbe samaki nao wana ugali wao," akasema. "Zimeni moto."

Kesho yake alinipigia kasia mwenyewe, tukatafute ugali huo wa samaki ulipo mwingi.

Babu yako